Lisemwalo Lipo? Historia Fupi ya Tuhuma za Kupanga Matokeo, Ikitazamwa Kutoka Nachingwea na Ruangwa

Nilipokuwa kijana Nachingwea, katikati ya miaka ya 1990, fainali moja ya kugombea mbuzi iliamuliwa kwa bao ambalo kipa alipaswa kulizuia. Shuti lilikuwa hafifu. Mpira ulidunda mbele yake, ukabadili mwelekeo, ukampita ubavuni na kuingia. Kabla ya filimbi ya mwisho uwanja mzima ulikuwa umekwisha kuhukumu: ameuza mechi. Magharibi watu walikuwa wakitaja kiasi alicholipwa. Kufikia isha walikuwa wakimtaja aliyelipa. Na kesho yake sokoni alipatikana mtu aliyeapa kwamba aliiona bahasha kwa macho yake. Kipa yule hakusimama tena golini. Alikuwa jirani yetu, na mimi, nikiri mapema, nilikuwa miongoni mwa watoto waliomzomea njiani.

Naanza na kisa hiki kidogo kwa sababu kila msimu wa ligi unapokaribia kwisha wanafunzi wangu hunijia na swali lile lile: Dokta, mpira wetu unapangwa au haupangwi? Wanataka jibu la neno moja. Methali yetu imekwisha kuwapa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanahistoria hawezi kuikubali methali hiyo bila masharti, kwani ingetosha kumtia hatiani mtu yeyote aliyewahi kusemwa. Wala hawezi kuitupa, kwani katika mpira wa Tanzania liko angalau tukio moja ambalo lililosemwa lilikuwapo, na likathibitishwa na chombo chenye mamlaka.

Tukio hilo ni la msimu wa 2015/16. Ligi Daraja la Kwanza ilichezwa katika makundi matatu, na kinara wa kila kundi alikuwa na nafasi ya kupanda Ligi Kuu. African Lyon na Ruvu Shooting zilipanda kutoka makundi yao. Kundi C lilifika siku yake ya mwisho, Februari 2016, likiwa bado halina mwenyewe. Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikifukuzana, na tofauti ya mabao ndiyo iliyotazamiwa kukata shauri. Siku hiyo Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0. Polisi Tabora iliifunga JKT Oljoro mabao 7-0.

Msomaji na aitazame hesabu hiyo taratibu. Mabao 15 katika michezo miwili ya siku ya mwisho, dhidi ya timu mbili zilizokuwa mkiani. Watu hawakuhitaji mpelelezi. Walicheka kwanza, kisha wakakasirika. Aprili 2016 Kamati ya Nidhamu ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, ilizitia hatiani timu zote nne. Geita Gold na Polisi Tabora zikashushwa hadi Daraja la Pili. Kanembwa na Oljoro zikatupwa hadi ligi ya mkoa. Baadhi ya viongozi, waamuzi na wachezaji wakafungiwa. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Wapo waliobeza kwamba Mbao imepandishwa mezani, lakini tarehe 27 Mei 2017 timu hiyo hiyo ilikuwa Dodoma ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba, na ilifungwa 2-1 baada tu ya muda wa nyongeza.

Jambo linalonishangaza katika kisa cha Kundi C ni jinsi tunavyopita haraka juu ya majina ya waliopatikana na hatia. Timu tatu kati ya nne zilikuwa na majina ya vyombo vya dola: moja ya Polisi, mbili za Jeshi la Kujenga Taifa. Mwananchi anayeona mlungula ukitolewa uwanjani anaambiwa akatoe taarifa polisi. Sisemi kwamba askari wa Tabora walijua yaliyopangwa na viongozi wa timu yao. Nasema kwamba mfumo wetu wa michezo umewapa walinzi wa sheria sare mbili, na siku sare hizo zinapogongana mwananchi hajui amkimbilie nani.

Ili kuelewa mtego wa siku ile ya mwisho, inafaa kurudi nyuma na kwenda mbali kidogo. Tarehe 25 Juni 1982, katika mji wa Gijón huko Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani ungezivusha zote mbili na kuitoa Algeria. Algeria, iliyokuwa imeifunga Ujerumani hiyo hiyo 2-1 katika mchezo wa kwanza, ilikuwa imemaliza mechi zake siku moja kabla; ikabaki kutazama. Horst Hrubesch alifunga dakika ya 10. Dakika zilizobaki zilikuwa matembezi ya jioni. FIFA haikuona kanuni iliyovunjwa, na kwa kweli haikuwapo kanuni ya kuvunja. Dawa iliyopatikana ni kwamba tangu Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja, ili asiwepo anayeingia uwanjani akijua mwenzake amepata nini.

Dawa ile ilitibu ugonjwa wa Gijón, lakini si kila ugonjwa. Timu mbili zinapohitaji kila moja mabao mengi kuliko mwenzake, na kila moja imepewa mpinzani asiye na sababu ya kukaza, zinageuka wanunuzi wawili katika mnada mmoja. Huyu akitaja saba, yule hutaja nane.

Neno mnada sikulitumia kwa mapambo. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa zinaufahamu mnada kuliko zinavyoufahamu mpira wa kulipwa. Pamoja na Liwale, zinaunda chama kikuu cha ushirika kiitwacho RUNALI, jina lililofumwa kutokana na silabi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioingia kwenye korosho msimu wa 2007/08, wanunuzi walileta zabuni zao katika bahasha zilizofungwa. Bahasha zilifunguliwa mbele ya wakulima waliokaa chini ya miembe na mikorosho. Jina la kampuni likasomwa, tani zikasomwa, bei ikasomwa. Na mkulima alikuwa na haki ya kukataa. Malalamiko hayakukoma kwa sababu hiyo. Mara nyingi tulisikia kwamba wanunuzi walikutana usiku na kukubaliana wasipandishiane. Mwaka 2018 mzozo wa bei ulifika mahali ambapo Serikali ilitangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likaingia kusomba mzigo. Tangu msimu wa 2024 mnada umehamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Hata hivyo mkulima wa Mnacho au wa Naipanga anapotuhumu kwamba bei imepangwa, hutuhumu akiwa na tarakimu mkononi: anajua nani alitaja nini. Shabiki wa mpira hutuhumu gizani.

Na watu wa kusini wana sababu ya zamani zaidi ya kutoamini mchezo ambao matokeo yake yanajulikana ofisini. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza watatu ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa ukiitazama ardhi kutoka angani, na kutokana na ripoti yake London iliamua kwamba mamilioni ya ekari yatalimwa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mavuno yalikuwa yamekwisha kuandikwa kabla udongo haujapimwa. Mradi ulitelekezwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kuja Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wetu walioajiriwa kung'oa visiki walishuhudia jinsi tarakimu za ripoti zinavyoweza kushinda kwa miaka mitatu huku shamba likishindwa. Sidai kwamba karanga ndizo zilizotufundisha kushuku marefa. Nadai tu kwamba mtu wa Nachingwea anaposikia kuwa jambo limekwisha kupangwa huko juu, hahitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa nije Ruangwa. Mwaka 2019 Namungo FC, klabu iliyochukua jina la eneo la wachimbaji wadogo wilayani humo, ilipanda Ligi Kuu. Mbunge wa Ruangwa tangu 2010, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano tangu Novemba 2015, na uwanja wa nyumbani wa timu ukaitwa Uwanja wa Majaliwa. Kwa mji uliozoea kutajwa redioni pale tu barabara inapokatika, ilikuwa heshima kubwa. Simba na Yanga zilikuja Ruangwa. Nyumba za wageni zikajaa. Mama lishe wakapika mara mbili. Msimu wake wa kwanza Namungo ilimaliza ya nne. Mitaani, kuanzia Kariakoo hadi Mbeya, ikabandikwa jina la timu ya Waziri Mkuu, na waliolitamka hawakuwa na haja ya kumalizia sentensi.

Tarehe 8 Julai 2020 Simba, iliyokuwa imekwisha kuwa bingwa, ilicheza Ruangwa na kutoka sare ya 0-0, kisha ikakabidhiwa kombe lake pale pale. Siku chache baadaye Simba iliifunga Yanga 4-1 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, na Namungo nayo ikaingia fainali kwa kuitoa Sahare All Stars ya Tanga. Kwa kuwa Simba tayari ilikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Namungo ilijihakikishia nafasi ya kucheza michuano ya Afrika kabla fainali haijachezwa. Tarehe 2 Agosti 2020, Sumbawanga, Simba ilishinda 2-1.

Kwa vigezo vya kibanda umiza, hapa kuna kila kitu: sare isiyomuumiza mtu, sherehe nyumbani kwa mkubwa, fainali ambayo mmoja wa wachezaji wake amekwisha kulipwa. Nimezisikia hoja hizo zikitolewa kwa ufasaha mkubwa. Na nimetafuta, kama ilivyo kazi yangu, ushahidi wa hata mchezo mmoja wa Namungo ulionunuliwa au mwamuzi mmoja aliyeagizwa. Sijauona. Fainali ya Sumbawanga iliamuliwa kwa bao moja, si kwa manane. Msimu uliofuata Namungo iliitoa Primeiro de Agosto ya Angola ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na huko, mbele ya Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, haikupata hata alama moja. Wenye tuhuma husema hilo ndilo thibitisho: nje ya nchi hapakuwa na wa kuwabeba. Lakini hoja hiyo haishindiki kamwe, na hapo ndipo penye ubovu wake. Wakishinda nyumbani wamebebwa; wakishindwa ugenini imedhihirika kuwa walikuwa wakibebwa. Hoja ambayo kila tukio huithibitisha haijathibitishwa na tukio lolote. Klabu nyingi ngeni katika michuano ile hurudi mikono mitupu bila kuwa na mbunge mashuhuri.

Hata hivyo simpi ahueni kamili anayekanusha. Ruangwa ilionewa na uvumi, naamini hivyo, lakini uvumi haukuota kwenye mwamba mtupu. Uliota pale ambapo jina la mtu mmoja lilikuwa kwenye uwanja, katika jukwaa kuu, na katika mhimili wa dola unaosimamia wizara ya michezo. Mtu huyo aweza kuwa mwadilifu kupindukia, na mwamuzi aweza kupuliza filimbi kwa haki dakika zote 90. Bado shabiki wa timu ngeni ataondoka na swali ambalo hakuna anayeweza kumjibu. Kiswahili cha mpira kina neno fitina kwa mambo ya nje ya uwanja, na kina maneno kamati ya ufundi kwa wale wanaoyashughulikia, iwe kwa mganga au kwa bahasha. Hakina neno la kawaida kwa hali ya mtu mmoja kusimama pande mbili za mizani. Sheria zetu huita mgongano wa maslahi, lakini maneno hayo hayajashuka kutoka semina hadi jukwaani, na ndiyo maana shabiki, akikosa jina la kile anachokiona, hukiita rushwa.

Mfano wa karibu uko Dar es Salaam. Novemba 2021 TFF ilitia saini mkataba na kampuni ya GSM, mdhamini wa Yanga, iwe mdhamini mwenza wa Ligi Kuu yenyewe. Simba ilikataa kuvaa nembo hiyo. Baadhi ya watu waliona ni utoto wa utani wa jadi. Mapema mwaka 2022 GSM ikajitoa. Hapakuwa na mechi iliyodaiwa kuuzwa, wala hapakuhitajika kuwapo: ukiwa mfadhili wa mmoja wa wagombea na wa shindano lenyewe kwa wakati mmoja, umewapa wapinzani sababu halali ya kuuliza. Nadhani Simba ilikuwa sahihi katika hilo, nami si mwana Simba.

Wanaosoma makala haya wakiwa maofisini watasema kwamba hatari ya leo imehamia kwenye simu. Wana haki. Mkeka wa kubashiri umebadilisha aina ya udanganyifu. Aliyetaka kupanda daraja alihitaji matokeo yote ya mchezo. Anayebashiri aweza kuhitaji kadi moja ya njano au bao moja katika kipindi cha kwanza, na timu iliyoathirika ikashinda isijue kitu. Jirani zetu wamekwisha kuonja. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliohusishwa na Kakamega Homeboyz ya Kenya, watatu kwa miaka minne na mmoja maisha. Na ikamfungia miaka 10 beki wa zamani wa Harambee Stars kwa mawasiliano yake na Wilson Raj Perumal, Msingapore aliyepatikana na hatia ya kupanga matokeo nchini Finland mwaka 2011. Waliofungiwa walikuwa watu wa soka la mishahara midogo inayochelewa. Mchezaji ambaye hajalipwa miezi mitatu hahitaji kushawishiwa na tajiri. Anaweza kushawishiwa na mwenye duka anayemdai mchele.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiwahusu watumishi wa umma peke yao. Hongo anayopewa wakala yeyote ili amsaliti anayemtumikia ni kosa pia, na sioni kwa nini kipa au mwamuzi asiingie humo. Lakini sheria hiyo humtafuta mwenye bahasha. Haina la kusema juu ya timu ya Polisi kucheza mechi ya mwisho na timu ya JKT, wala juu ya uwanja wenye jina la kiongozi aliye madarakani. Na hukumu za kinidhamu zinapotolewa, kinachotangazwa kwa sauti ni adhabu. Waulize watu leo kuhusu Kundi C: watakutajia 8-0 na 7-0, watakutajia timu zilizoshushwa, lakini ni wachache watakaokueleza ni ushahidi gani uliowatofautisha wenye hatia na wazembe. Geita Gold imekwisha kurudi, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2021 na kumaliza ya nne msimu ulioishia 2022, na mchezaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Wapo wanaomtazama hata Mpole kwa jicho la 2016, ingawa hakuna anayemhusisha na mechi ile. Hukumu ambayo hoja zake hazikusambazwa huwachafua hata waliokuja baadaye.

Ningependa siku moja ripoti ya kamisaa wa mchezo, maelezo ya mwamuzi na hoja za kamati zisomwe kwa sauti kama zilivyosomwa bei za korosho, jina baada ya jina, watu wakiwa wamekaa wanasikiliza, na mwenye kukataa akatae akijua anachokikataa. Watumishi wa Bodi ya Ligi wanaonisoma wanajua kwamba karatasi hizo huandikwa kila wiki. Zipo kwenye makabati.

Mwaka juzi nilikwenda Nachingwea msibani, nikamkuta yule kipa. Sasa ni mzee wa makamo, anapima korosho katika ghala la chama cha msingi, na wakulima wanaiamini mizani yake. Baada ya kula nilimwomba radhi kwa yale ya utotoni. Alicheka, akaniuliza kama nakumbuka ule uwanja ulivyokuwa kabla haujasawazishwa. Nikasema nakumbuka. Akasema mbele ya goli la upande wa barabara palikuwa na jiwe lililochomoza kiasi cha kiganja, na mpira uligonga pale. Aliwaonyesha wenzake siku ile ile, akaliacha bila kuling'oa ili watu waje walione. Wiki nzima hakuja mtu.